Spika ndogo inayomtazama mwimbaji

Mtazame mwimbaji wa karaoke anapofika katikati ya ubeti wa kwanza. Mkono mmoja umeshika maiki, wa pili unapanda taratibu hadi sikioni na kidole kinaziba tundu. Wengi hudhani ni mbwembwe za jukwaani. Sivyo. Mtu huyo anaitafuta sauti yake. Spika mbili kubwa ziko mbele yake, zimempa mgongo, zinawahudumia wateja. Kinachomrudia yeye ni besi inayogonga ukuta, vishindo vya sabufa na gumzo la meza za karibu. Akiziba sikio, mifupa ya fuvu humletea kidogo kile anachokiimba, na hapo angalau anapata pa kushikilia.

Dakika mbili baadaye ameshaupoteza wimbo, meza ya marafiki inacheka, naye anarudisha maiki akiwa ameinamisha kichwa. Lawama zote zinamwangukia yeye: hana sauti, hana sikio, bia imemzidi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kama pale aliposimama palikuwa na spika hata moja iliyoelekezwa kwake. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza. Waimbaji wa bendi za dansi wanaodai monita miguuni mwao, yaani spika inayomgeukia mwimbaji mwenyewe, ni watu wa mazoezi, wanaojua kila wimbo unaanzia wapi na unapanda wapi. Mgeni wa karaoke hajafanya mazoezi, hajui wimbo aliouchagua umerekodiwa juu au chini ya uwezo wa koo lake, na anasoma maneno kwenye televisheni huku moyo ukimdunda. Yeye ndiye mwenye haja kubwa ya monita, na ndiye asiyewekewa.

Kwa hiyo, mwenye baa, MC wa sherehe, au marafiki mliochangishana fedha za mitambo: kabla hamjaongeza sabufa ya pili, nunueni spika moja ndogo yenye amplifaya ndani yake, mmgeuzie mwimbaji. Nitaeleza namna ya kuichagua bila kutupa fedha.

Kwanza tuelewane kwa nini anayesimama nyuma ya spika kubwa hasikii maneno. Sauti nene na sauti nyembamba hazisafiri kwa namna moja. Wimbi la besi la hezi 100 lina urefu wa karibu mita tatu na nusu. Linalizunguka boksi la spika bila shida na kuenea pande zote, nyuma pia. Sauti zinazotutenganishia neno na neno, zile za s, t, k na f, ziko juu, kwenye hezi 2,000 na kupanda, ambako wimbi lina sentimita 17 au pungufu. Hizo hutoka upande wa mbele tu, kama mwanga wa tochi. Mteja aliyekaa mbele anapata wimbo mzima. Mwimbaji aliyeko nyuma anapata mvumo.

Na asiyesikia sauti yake hupiga kelele. Mwanzoni mwa karne iliyopita daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia, na kelele zikiondolewa hurudi kwenye sauti yake ya kawaida. Tunaliona jambo hilo kila Ijumaa usiku. Mwimbaji anapaza, koo linakaza, noti inateleza. MC anaona muziki umezidiwa, anauongeza. Mwimbaji anapaza tena. Kufika saa sita usiku baa nzima inaunguruma, na hakuna aliyeimba vizuri.

Hata waliobobea hushindwa. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga muziki mbele ya watu wapatao 55,000 katika uwanja wa Shea, New York, bila monita jukwaani. Mayowe ya mashabiki yalifunika kila kitu, na wenyewe walisimulia baadaye kwamba hawakuweza kusikia walichokuwa wakikipiga. Ikiwa kwao ilikuwa hivyo, tusishangae kinachompata karani wa benki aliyepanda kuimba baada ya kazi.

Karaoke yenyewe haikuzaliwa na tatizo hili. Daisuke Inoue, mpiga kinanda wa Kobe, Japani, alitengeneza mashine yake ya kwanza mwaka 1971 na kuanza kwa kukodisha mashine 11 kwenye baa za mji huo, ambazo nyingi zilikuwa vyumba vidogo. Katikati ya miaka ya 1980 Wajapani walikwenda mbali zaidi: waliwatengea waimbaji vyumba vyao, vya kwanza vikiwa makontena ya mizigo yaliyogeuzwa. Humo ndani hakuna hadhira ya kugeuziwa spika. Anayeimba na anayesikiliza wamo kwenye sauti moja. Sisi tuliichukua karaoke tukaiweka chini ya makuti na mabati, kwenye baa zisizo na kuta, meza ya mwisho ikiwa karibu na barabara. Tukaongeza spika za kuifikia meza hiyo, tukamsahau anayeimba.

Sasa twende dukani. Kariakoo kwa walio Dar es Salaam, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, utapokewa na namba: wati 2,000, wati 5,000, PMPO. Herufi hizo nne zikikutana na macho yako, endelea kutembea. Hakuna kipimo kimoja kinachokubalika nyuma yake. Kila kiwanda huandika kinachokipendeza. Geuza boksi, usome kibandiko cha nyuma panapoandikwa umeme linaovuta. Viwanda vya kuaminika huandika hapo umeme wa matumizi ya kawaida, ambao ni mdogo kuliko uwezo wa juu kabisa wa spika, hivyo tofauti ya mara kadhaa si ya kutisha. Lakini boksi linalodai wati 2,000 huku likivuta wati 60 ukutani limekwisha kujieleza.

Wati zenyewe si jambo la kuhangaikia sana. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa kusikiliza kwa makini. Ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6. Fanya hesabu: spika iliyokuwa mita mbili kutoka masikioni mwa mwimbaji ukiisogeza hadi nusu mita, umepata desibeli 12, sawa na kuzidisha wati mara 16, na hujatoa hata shilingi. Ndani ya ukumbi wenye mwangwi faida hiyo hupungua kidogo, lakini bado ni kubwa kuliko chochote utakachouziwa kwa bei hiyo. Ndiyo sababu monita ya karaoke inaweza kuwa ndogo. Uwezo wake ni ukaribu.

Zipo za aina mbili zinazofaa. Ya kwanza ni ile yenye koni ya inchi 5 hivi, inayofungwa juu ya stendi ya maiki na kumkaribia mwimbaji usawa wa kifua au uso. Behringer B205D na Mackie SRM150 ni za kundi hili: kila moja ina wati 150, koni ya inchi 5 na robo, na sehemu yake ya kuchanganyia sauti yenye chaneli tatu. Hazina besi ya maana, na hiyo ni sifa njema. Sauti ya binadamu anayeimba karibu haihitaji chochote chini ya hezi 100, na kila besi unayomwongezea mwimbaji inafunika maneno. Ng'ambo spika kama hizi huuzwa kuanzia takriban dola 200 za Marekani kabla ya nauli na ushuru, yaani nusu milioni ya shilingi za Tanzania na kuendelea. Si fedha ndogo, lakini ni pungufu ya sabufa kubwa iliyo nzuri, na kazi itakayofanya ni kubwa zaidi.

Aina ya pili ina koni ya inchi 8 au 10 pamoja na pembe ya sauti nyembamba, na ubavu uliokatwa mshazari ili ilazwe sakafuni ikimtazama mwimbaji kutoka chini. Yamaha DBR10 ni mfano mzuri, kilo 10 na nusu, ingawa bei yake inaanza kuumiza. Faida ya aina hii ni kwamba inawafunika watu watatu au wanne. Na karaoke yetu ni ya makundi: bibi harusi mtarajiwa na mashoga zake, wafanyakazi wa ofisi moja wanaogombea maiki mbili. Kimonita cha stendi kinamhudumia mmoja aliyetulia. Wakija wanne, watatu wanabaki gizani.

Uamuzi wangu ni huu. MC anayezunguka na mitambo kwenye gari dogo, achukue ya inchi 5. Baa yenye jukwaa lake la kudumu, inunue ya inchi 8. Inchi 12 na 15 waachieni bendi. Kwenye kona ya mita mbili kwa mbili zinaleta besi nyingi na kula nafasi ya miguu.

Kabla ya kulipa, angalia matundu. Unataka tundu linalopokea maiki moja kwa moja, lenye kitufe chake cha sauti, na unataka tundu la kutolea linaloipeleka sauti ile ile mbele kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Ukiwa na vyote viwili unaweza kuchomeka maiki kwenye monita kwanza, halafu kutoka hapo kwenda kwenye mitambo mikubwa. Mwimbaji anajisogezea sauti yake kwa mkono wake, na MC anapopunguza spika kubwa, monita haiguswi. Kwa baa isiyo na fundi mitambo, mpangilio huu ndio ninaoupenda kuliko yote.

Mwenye mikisa ya heshima ana njia nyingine, ile ya kutumia kituo cha AUX, njia ya pembeni ya kutolea sauti. Hapa watu wengi hukwama. AUX inayofaa kwa monita ni ile inayochukua sauti kabla ya kitelezi cha chaneli, ili kitelezi kikipanda na kushuka kwa ajili ya wateja, mwimbaji asisikie tofauti. Mikisa nyingi ndogo zina kituo kimoja tu, cha kupelekea eko, na hicho huchukua sauti baada ya kitelezi. Ukiunga monita hapo, kila MC akishusha sauti anamnyang'anya mwimbaji sauti yake. Muulize muuzaji waziwazi, na kama hajui, soma maandishi ya kwenye mikisa: PRE ndiyo unayoitaka, POST siyo.

Ndani ya monita iweke sauti ya mwimbaji kwa wingi na muziki kidogo sana. Muziki anaupata tayari kutoka spika kubwa. Anachohitaji ni kinanda au gita la kumwonyesha noti iko wapi. Eko usiitie kabisa. Najua eko inapendwa, wengine hawaimbi bila hiyo, na wateja wapewe. Lakini kwa mwimbaji inayakoroga maneno na kuivuta maiki kwenye mluzi mapema zaidi.

Kuhusu Bluetooth nitasema kwa ufupi kwa sababu maduka yamejaa spika zake. Kwa kupeleka muziki kutoka simuni haina neno. Kwa sauti ya mwimbaji haifai hata kidogo. Kwa kawaida huichelewesha sauti kwa sehemu moja au mbili za kumi ya sekunde, sawa na kumsikiliza mtu aliyeko mita 35 hadi 70 kutoka kwako. Inajulikana tangu miaka ya 1950 kwamba mtu akirudishiwa sauti yake ikiwa imechelewa kiasi hicho, ulimi unaanza kugugumia. Mletee mwimbaji waya.

Adui mwingine ni ule mluzi. Maiki inaisikia monita, amplifaya inaikuza, monita inaitoa tena, maiki inaisikia tena, mpaka mlio mmoja unapasua masikio ya watu. Watu hudhani dawa ni kununua monita ghali. Dawa kubwa ni kujua maiki yako imezibwa wapi. Maiki nyingi za kuimbia, Shure SM58 ikiwa ndiyo maarufu kuliko zote tangu 1966, hazisikii vizuri kitu kilichoko nyuma yao kabisa, upande wa mkia unakotokea waya. Kwa maiki ya namna hiyo, monita ikae pale mkia wa maiki unakoelekea. Zipo nyingine zilizobanwa zaidi, ambazo sehemu zao zisizosikia ziko pembeni kwa nyuma, kulia na kushoto, na kwa hizo monita husogezwa upande. Soma karatasi iliyokuja na maiki. Mchoro wa duara upo.

Hapa ndipo karaoke inapotofautiana na bendi, na ndipo mitambo mingi inapokosewa. Mwimbaji wa bendi anawatazama watu. Mwimbaji wa karaoke anaitazama televisheni. Mwili wake, uso wake na mkia wa maiki yake vyote vinafuata maneno yanakopita. Ukiweka monita kwenye ukingo wa jukwaa halafu televisheni ukaitundika ukuta wa kushoto, mwimbaji atageuka kushoto, sikio moja litabaki bila kitu, na ubavu wa maiki, ambao unasikia, utaielekea monita. Mluzi utakuja. Weka monita chini ya televisheni. Kama hakuna nafasi, hamisha televisheni. Na televisheni iwe mbele ya jukwaa, isiwe pembeni, ili mtu akisoma maneno awe pia amewaelekea wanaomsikiliza.

Kuna pia mkono wa mwimbaji. Vijana wengi hushika maiki kwa kukumbatia kile kichwa cha wavu, kwa kuwaiga wanaochana. Vidole vikiziba matundu ya nyuma ya wavu, maiki inapoteza ule upande wake usiosikia na kuanza kusikia kila upande. Hakuna monita ya bei yoyote itakayoponya hilo. MC mwenye upole humwelekeza mtu ashike mpini kabla wimbo haujaanza, na anamwokoa na aibu.

Siku ya kununua, nenda na maiki yako na waya wako. Maiki za duka huenda ni bora kuliko yako, au ni bandia. SM58 ni miongoni mwa maiki zinazoigizwa sana duniani. Omba monita iwekwe usawa wa kiuno, simama hatua mbili, na uzungumze kwa sauti ya kawaida. Usiimbe kwanza. Hesabu, taja majina ya watoto wako, soma ujumbe kwenye simu. Unasikiliza kama maneno yanatoka safi bila kuongezewa pua wala kifua. Kisha imba, ukipandisha sauti ya monita polepole mpaka mluzi unaponukia, na uone umefika wapi. Rudia hivyo hivyo kwa boksi la pili na la tatu. Inayokupa sauti nyingi kabla ya mluzi ndiyo yako, hata kama wati zake ni chache. Mwisho nyamaza, sogeza sikio, usikilize kama inanguruma au inachuja mchanga. Tazama pia kibandiko cha umeme: iliyoandikwa volti 100 hadi 240 itavumilia zaidi umeme wetu unaoshuka jioni kuliko ile ya volti 220 peke yake.

Asiye na nusu milioni asikate tamaa. Ile spika ya magurudumu yenye taa za rangi, iliyolala stoo, inaweza kuwa monita ikiwa ina tundu la waya. Izime taa, shusha besi hadi mwisho, zima eko, ilaze imtazame mwimbaji. Haitakuwa nzuri. Itakuwa bora mara nyingi kuliko kutokuwa na kitu.

Kuna sababu nyingine ya kuifanya kazi hii, nayo ni majirani. Nchini Tanzania, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limekuwa likizifungia baa kwa sababu ya kelele, na Kenya ina kanuni zake za kelele tangu mwaka 2009. Wenye baa hulalamika kwamba karaoke haiwezekani kwa sauti ya chini. Inawezekana, mradi mwimbaji asikie. Akisikia, hapigi kelele. Asipopiga kelele, muziki hauhitaji kumfukuzia. Spika kubwa zinashuka na watu wa meza za nyuma wanaanza kuongea bila kupayuka. Wahudumu nao wanapona. Sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa nane, lakini kwa desibeli 100 ni kama robo saa tu, na mhudumu wa kaunta yuko pale kila usiku.

Monita ikishafika, siku ya kwanza anzeni nayo. Mchana, kabla wateja hawajaja, spika kubwa zikiwa zimezimwa, mtu mmoja asimame akitazama televisheni na kuimba kwa sauti ya kawaida huku mwingine akipandisha monita mpaka mwimbaji aseme inatosha. Wekeni alama ya kalamu kwenye kitufe. Hapo ndipo muwashe spika kubwa na kuzileta polepole, mkikomea pale meza ya katikati inaposikia maneno. MC wa zamu aelezwe kwamba ile alama haivukwi, na anayelalamika kwamba hasikii asogezewe monita hatua moja kwanza.